Vifuniko vya bluu vinabinuka, vyeupe viko sawa: mashine ile ile, moldi ile ile

zamu_ya_pili (Arusha)

Habari za kazi wakuu. Naomba msaada wa wanaoijua plastiki kwa undani, maana hapa Unga Limited, eneo la viwanda, kila mtu ana jibu lake na hakuna linalofanya kazi.

Tunapiga vifuniko vya ndoo ya lita 20. Kipenyo milimita 300 hivi, unene 1.8, uzito gramu 160. Plastiki ni HDPE (polietilini ya densiti ya juu) ya injeksheni, yaani inayosukumwa ikiwa imeyeyuka ndani ya moldi (kalibu ya chuma), MFI (kipimo cha wepesi wa kutiririka) 8, densiti 0.953 kwa mujibu wa cheti. Mashine ina nguvu ya kufunga moldi ya tani 280, geti (tundu la kuingizia plastiki) moja katikati. Barela (bomba la kuyeyushia) nyuzi 220, presha ya kushikilia (inayoendelea kusukuma moldi ikishajaa) sekunde 2, kupoza sekunde 9. Punje za rangi tunachanganya 2%. Maji ya moldi yanatoka kwenye tenki la nje, chila (mashine ya kupoza maji) hatuna.

Vyeupe na vya njano havina neno. Vya bluu vinatoka vimenyooka, ukivirudia kesho yake vimebinuka, ukikilaza kimoja mezani kinacheza. Halafu vinabana mno, mpaka upige kwa kiganja ndipo viingie kwenye ndoo. Tumepandisha muda wa kupoza hadi sekunde 14, kilichobadilika ni idadi ya vifuniko kwa zamu tu. Wiki hii hata vyeusi vimeanza, ingawa kidogo.

Wengine wanasema moldi imechoka. Moldi ikichoka itachagua rangi?

---

kemia_tengeru

Mleta mada, iache moldi yako. Rangi ya bluu yenyewe ndiyo inayobadilisha namna plastiki inavyoganda. Nitaeleza kwa kirefu kidogo, vinginevyo utaendelea kuongeza sekunde za kupoza bure.

HDPE ni minyororo mirefu ya kaboni. Mnyororo wenye uzito wa molekuli 200,000 una kaboni zaidi ya 14,000, na ukinyooshwa wote unafika karibu maikromita 1.8. Ikiwa imeyeyuka, minyororo hiyo imesokotana kama tambi kwenye sufuria. Ikishuka chini ya nyuzi 120 hivi, vipande vya minyororo vinaanza kulala sambamba, na kila mnyororo unajikunja kwenda na kurudi, kama unavyokunja kanga kabla ya kuiweka kabatini. Matokeo yake ni kibamba cha fuwele chenye unene wa nanomita 10 hadi 20 tu. Andrew Keller wa Bristol ndiye aliyeeleza mkunjo huo mwaka 1957, alipoona kuwa mnyororo ni mrefu mara nyingi kuliko unene wa kibamba na bado umesimama wima ndani yake. Pa kwenda hapana isipokuwa kugeuka na kurudi.

Vibamba huanzia kwenye kiini kimoja na kutawanyika pande zote mpaka vinakuwa tufe dogo, sferuliti. Katikati ya vibamba inabaki minyororo iliyokosa nafasi ya kujipanga, na mingine imeshikwa ncha moja kwenye kibamba hiki na ncha ya pili kwenye kile. Hiyo mishikizo ikumbuke, nitairudia.

Sasa hesabu inayokuhusu. Fuwele tupu ya polietilini ina densiti 1.00, sehemu isiyopangika 0.855. Kwa 0.953 yako, karibu 70% ya uzito wa kifuniko ni fuwele. Minyororo ikijipanga inabanana, na kubanana huko ndiko kusinyaa unakokuona. Ndiyo maana HDPE husinyaa 1.5 hadi 3%, wakati polistirini ya kawaida, ambayo haitengenezi fuwele, husinyaa 0.4 hadi 0.7 tu. Kwenye kifuniko cha milimita 300, kila 0.1% ni milimita 0.3. Kwa hiyo tofauti ya 0.3% kati ya rangi na rangi ni karibu milimita nzima, na hapo ndoo inakataa.

Rangi inaingiaje? Fuwele inahitaji mahali pa kuanzia. Bluu ya plastiki mara nyingi ni thalosianini ya shaba, na kijani ni ndugu yake. Chembe zake ni ndogo sana, na uso wake unaipokea vizuri minyororo ya polietilini. Inafanya kazi ya kiini hata kama hukuiomba: kuganda kunaanza nyuzi chache juu zaidi, na kunaanza sehemu nyingi kwa mpigo. Dioksidi ya titani ya nyeupe na oksidi za chuma hazina nguvu hiyo.

Kwako hilo lina madhara mawili. Geti linaganda mapema, presha ya kushikilia inakuwa inasukuma mlango uliofungwa. Pili, na hili ndilo linalobinua, fuwele zinakamata minyororo ikiwa bado imenyooshwa na mtiririko, kabla haijapata muda wa kulegea. Kifuniko chako kina geti katikati, kwa hiyo mtiririko unatoka katikati kwenda ukingoni. Kinasinyaa zaidi kwa upande huo kuliko kwa kuzunguka. Nusu kipenyo kimepungua, mzingo umebaki mrefu, na mzingo uliozidi lazima ujifiche mahali. Unajificha kwa kupanda na kushuka.

Naomba ukiangalie hivi: kilaze kifuniko cha bluu juu ya kioo. Kama kingo mbili zinazotazamana zimenyanyuka na mbili nyingine zimeshuka, kama tandiko la punda, maelezo yangu yanasimama. Kama kimekuwa bakuli, ukingo wote juu au wote chini, tatizo ni jingine: ukingo unasinyaa kuliko katikati, au nusu moja ya moldi ina joto kuliko nyingine.

---

fundi_pasua (Moshi)

Nayakubali ya thalosianini, yanajulikana sana kwa wanaopiga kreti na vizibo. Ila mkuu kemia ameruka maji, na mleta mada ameandika mwenyewe kuwa hana chila. Mwezi huu wa saba maji ya tenki la nje Arusha asubuhi si maji ya saa tisa alasiri. Usilaumu rangi kabla hujajua zamu gani inapiga rangi gani.

Plastiki iliyopozwa kwa haraka haipati muda wa kujipanga. Inatoka kwenye moldi ikiwa kubwa kidogo, na fuwele zinaendelea kukua dukani na kwenye lori. HDPE inabaki na minyororo inayocheza mpaka zaidi ya nyuzi 100 chini ya sifuri, kwa hiyo joto la chumba linatosha kabisa kuendeleza kazi. Sehemu kubwa ya kusinyaa huko inatokea saa 24 za mwanzo, na ndiyo maana kifuniko kinakudanganya kikitoka. Ukipiga kwenye moldi baridi asubuhi halafu mzigo ukashuka Dar ukakaa juani, utapokea simu.

Kabla ya lolote, pima haya:

Joto la chuma cha moldi, nusu zote mbili, kwa kipima joto cha kugusa, mashine ikiwa imeshapiga angalau nusu saa. Kipimo cha maji ya tenki hakikwambii joto la chuma. Tofauti ya nusu na nusu isizidi nyuzi 5.

Kiasi cha maji. Chomoa mpira wa kurudishia, weka ndoo ya lita 10, shika saa. Kwa njia ya kipenyo cha milimita 10 unataka lita 5 kwa dakika, yaani ndoo ijae ndani ya dakika 2. Hapo maji yanavurugika vizuri na kubeba joto. Yakitiririka kwa upole yanateleza katikati na kuacha tabaka la vuguvugu ukutani. Kama ndoo inachukua dakika 5, una kutu na ukoko ndani ya njia za maji, na hakuna mpangilio wa mashine utakaokuokoa.

Tofauti ya maji yanayoingia na yanayotoka: nyuzi 2 au 3, si zaidi.

Watu wanapuuza ukubwa wa joto lenyewe. Kifuniko cha gramu 160 kikitoka nyuzi 220 hadi 40 kinaacha karibu kilojuli 100 kwenye moldi, na theluthi moja hivi ya hizo ni joto linalotoka wakati fuwele zinajipanga. Polistirini haina theluthi hiyo. Anayehamisha mpangilio wa polistirini kwenye HDPE anashangaa kwa nini moldi inachemka.

Na vernia (ya kupimia kipenyo) mnasoma saa ngapi? HDPE hutanuka si chini ya sehemu 150 kwa milioni kwa kila nyuzi moja. Kwenye milimita 300, tofauti ya nyuzi 10 kati ya asubuhi na mchana ni karibu nusu milimita bila plastiki kufanya kosa lolote. Pimeni saa ile ile kila siku, chumba kile kile, na vifuniko vikae humo saa mbili kwanza.

---

zamu_ya_pili (Arusha)

Asanteni sana wakuu. Nimefanya yote isipokuwa kusafisha njia za maji za nusu ya nyuma, moldi iko mashineni.

Siku moja, saa nne hadi saa saba, tumepiga aina tatu mfululizo: isiyo na rangi, nyeupe, bluu. Kila tulipobadilisha tulitupa 30 za mwanzo, tukachukua 10. Tumepima baada ya saa 48, chumba nyuzi 21.

Bila rangi: 300.8, karibu sawa pande zote. Nyeupe: 300.7. Bluu: 299.6 upande mmoja na 300.2 upande wa pili. Kwenye kioo ni tandiko la punda kabisa, fila geji (bapa la kupimia mwanya) ya milimita 3 inapita chini ya ukingo ulionyanyuka. Uzito: nyeupe 162.1, bluu 160.0, bila rangi 160.4.

Maji yanaingia nyuzi 15 asubuhi na 23 mchana. Ndoo ya lita 10 nusu ya mbele dakika 2 na sekunde 10, nusu ya nyuma dakika 4. Chuma mbele 27, nyuma 34.

Kuhusu vyeusi: ni plastiki ile ile, ila tunaingiza 20% ya chenga za vifuniko vilivyokataliwa. Sidhani kama inahusika, tumefanya hivyo mwaka mzima.

---

kemia_tengeru

Kazi safi, na kupiga isiyo na rangi kama kipimo ndiko kumeokoa jaribio. Usilinganishe uzito wa bluu na wa nyeupe. Dioksidi ya titani ina densiti 4.2 hivi, ndiyo inayoifanya nyeupe ionekane imeshiba. Linganisha bluu na isiyo na rangi: 160.0 dhidi ya 160.4. Bluu imeingia pungufu, pengine geti linafunga mapema.

Sasa vyeusi. Mwaka mzima mmekuwa mkisaga vilivyokataliwa. Vya rangi gani? Miezi iliyopita vilikuwa mchanganyiko, wiki hii bila shaka vingi ni vya bluu, kwa sababu bluu ndiyo inayokataliwa. Chukulia punje zenu za bluu zina 10% ya rangi halisi. Kwa mchanganyo wa 2%, kifuniko cha bluu kina 0.2%. Ukiingiza 20% ya chenga zake kwenye nyeusi, nyeusi inapata 0.04%, yaani sehemu 400 kwa milioni. Jicho halioni chochote, nyeusi inabaki nyeusi tii. Lakini hata viini vinavyouzwa kwa kazi hii huwekwa kwa viwango vya mamia machache hadi elfu mbili kwa milioni. Mmeweka kiini kwenye vyeusi bila kujua.

Suluhisho, kwa mpangilio ambao mimi ningeufuata:

Kwanza muulize muuza rangi, kwa maandishi, bluu hii ni thalosianini au ultramarini. Akikujibu "ni bluu ya kawaida" jua ni thalosianini, ndiyo yenye nguvu ya rangi na bei nzuri. Ultramarini haibinui HDPE na inavumilia joto la barela bila shida, ila nguvu yake ya rangi ni ndogo, utahitaji mara kadhaa zaidi kupata kina kile kile, na bluu yake inaelekea zambarau. Pia haipendi asidi. Kama ndoo zenu zinabeba siki au asali, piga vifuniko vichache, uviloweke humo wiki mbili uone kama vinapauka, na udai cheti cha kugusana na chakula. Kuna pia thalosianini iliyotengenezwa maalumu isibinue. Iulizie, ila usiamini neno la kwenye karatasi, rudia jaribio lako la kioo.

Njia ya pili inaonekana ya kinyume: weka kiini kwenye rangi zote. Vyeupe, njano na bluu vyote vitaganda kwa mtindo mmoja na kusinyaa sawa, na mpangilio wa mashine unabaki mmoja. Wenye moldi nyingi na rangi nyingi hufanya hivyo. Kwa moldi moja kama yenu naiona ni gharama isiyo na sababu.

Njia ya tatu ni kubadili daraja la HDPE. Yenye MFI ya juu, tuseme 15 hadi 20, na minyororo inayokaribiana urefu, inalegea haraka baada ya kujazwa na kubinuka kidogo. Hapa ndipo nairudia mishikizo. Minyororo mifupi haifiki kibamba cha pili, mishikizo inapungua, na kifuniko kinachobanwa kwenye ukingo wa ndoo huku kimeguswa na sabuni kinaanza kupata nyufa baada ya wiki kadhaa. Kwa ndoo ya rangi ya ukuta ningekubali. Kwa ndoo ya sabuni ya maji, hapana.

---

moldi_njiro

Wakati unasubiri muuza rangi, mashineni kuna la kufanya leo. Sekunde 2 za kushikilia ni chache hata kwa hiyo nyeupe, ila nyeupe inakusamehe.

Weka muda wa kushikilia sekunde 1, piga mitano, pima uzito kwa mizani ya 0.1. Panda sekunde moja moja hadi 7. Kila ukiongeza sekunde kwenye kushikilia, punguza sekunde hiyo hiyo kwenye kupoza ili mzunguko usibadilike, vinginevyo utakuwa umebadilisha vitu viwili. Uzito utapanda, kisha utakataa kupanda. Ulipokatalia ndipo geti lilipoganda. Weka nusu sekunde juu ya hapo, basi. Fanya kwa bluu na kwa isiyo na rangi kila moja peke yake, utaona bluu inakatalia mapema.

Kama bluu imeshakatalia na bado ni ndogo, ongeza presha ya kushikilia hatua kwa hatua, tuseme baa 50 kila mara (presha ya plastiki yenyewe, si ya mafuta ya mashine), ukiangalia isitokee nyama pembeni, yaani plastiki inayovuja kwenye kiungo cha moldi. Usiende mbali. Ukishindilia sana, eneo la katikati linashiba kuliko ukingo, na badala ya tandiko unapata bakuli. Watu wengi wanafurahi hapo, wanadhani tandiko limetibiwa, kumbe wamelifunika kwa kosa la pili linalovuta upande mwingine. Likipata jua linafumuka.

Kwa tandiko lenyewe, pandisha joto la plastiki kutoka 220 hadi 240 na chuma cha moldi hadi 30 au 35, pande zote mbili sawa. Minyororo inapata muda wa kulegea kabla ya kukamatwa. Mzunguko utarefuka, hakuna ujanja. Nusu ya nyuma ya nyuzi 34 na mbele 27 irekebishe kwanza. Isafishe njia hiyo ya maji Jumapili, asidi dhaifu ya kuondoa kutu izunguke, kisha maji mengi. Hata nyeupe yako itanyooka zaidi.

Ile tabia ya kuvipanga vikiwa vya moto na kuweka jiwe juu: inasaidia kwa sababu fuwele za mwisho zinajipanga kifuniko kikiwa kimeshikiliwa. Dakika 10 kwenye kifaa bapa, sawa. Lakini kabla hujaupeleka mzigo, chukua vifuniko 5, vitumbukize kwenye maji yanayochemka nusu saa, vipoe wenyewe usiku kucha, uvilaze kwenye kioo. Kwa Arusha maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi kwa sababu ya mwinuko, yapo mbali na kiwango cha kuyeyuka cha 130, hayaharibu kitu. Vikirudi kuwa tandiko, jiwe lako limeahirisha tatizo tu.

---

juisi_moshi

Samahani kuingilia mada, naona mko wajuzi. Chupa za PET (plastiki ya chupa za maji) tunazonunua zina weupe kama maziwa chini kwenye kitako, na nyingine tukijaza juisi ya moto zinanywea mabega. Ni ufuwele huo huo?

---

kemia_tengeru

Kuna mambo matatu, mawili ni ufuwele na moja linafanana nao tu, yasichanganywe.

Weupe wa kitako ukiwa tayari upo kwenye kichupa cha awali, kabla ya kupulizwa, PET imepoa polepole mno pale geti lilipo na sferuliti zimekua mpaka zinatawanya mwanga. PET inajipanga kwa kasi kubwa zaidi kwenye nyuzi 170 hadi 180, inatakiwa ivushwe eneo hilo haraka. Unyevu nao unachangia: bila kukaushwa nyuzi 160 hadi 170 kwa saa 4 hadi 6, maji yanakata minyororo, na mifupi inajipanga haraka zaidi.

Weupe wa kung'aa kama lulu kwenye kuta au mabega ni jambo jingine. Chupa imevutwa ikiwa baridi mno na kuna nyufa ndogo ndogo ndani. Hapo joto la kabla ya kupuliza lipandishwe, kawaida liwe kati ya 95 na 110.

Kunywea kwa juisi ya moto: chupa ya kawaida ya maji haikutengenezwa kwa kazi hiyo. PET isiyotulizwa kwa joto inalegea karibu na nyuzi 75, na juisi inajazwa 85 au zaidi. Chupa za kujazwa moto hupulizwa kwenye moldi yenye nyuzi 120 hadi 140 ili fuwele ndogo ndogo zizidi na kushikilia umbo, bila kuwa kubwa kiasi cha kuleta ukungu. Muombe muuzaji chupa za aina hiyo kwa jina la kazi yake, au jaza ya baridi. Ukiwa na swali zaidi fungua uzi wako, tusimpoteze mwenye vifuniko.

---

zamu_ya_pili (Arusha)

Nimerudi. Kushikilia: bluu imekatalia sekunde 3, isiyo na rangi sekunde 4 na ushee. Tumeweka bluu 3.5 na presha juu kidogo, kipenyo sasa 300.4 na vinaingia kwenye ndoo bila kupigwa. Tandiko limepungua, fila geji ni milimita 1.5. Muuza rangi amekiri ni thalosianini, ultramarini anaagiza.

Mnaniambia nini kuhusu vifuniko vya bluu vilivyokataliwa? Ninavyo kama 600, karibu kilo 96. Na nitajuaje kama kwenye chenga zilizosagwa zamani hakuna polipropilini? Tulipiga vishikio vya ndoo vya PP mwezi wa tano kwa kisagio kile kile.

---

fundi_pasua (Moshi)

La PP ni rahisi. Changanya spiriti na maji nusu kwa nusu, utapata kimiminika cha densiti 0.93 hivi. Weka tone la sabuni ili mapovu yasishike, tumbukiza chenga kiganja kimoja, koroga, subiri dakika mbili. HDPE inazama. PP na polithini ya mifuko zinaelea. Kwenye chenga nyeupe usiamini sana, dioksidi ya titani inaweza kuzamisha hata kisichostahili kuzama. Zinazoelea chukua moja uiguse na chuma cha moto: PP haianzi kuyeyuka mpaka karibu 160, HDPE 130. Ukikuta zaidi ya chache kwenye kiganja, gunia hilo lisiingie kwenye vifuniko. PP na HDPE hazijengi fuwele pamoja, kila moja inajitenga kivyake, na mpaka kati yao ndipo kifuniko kinapochanika.

Kilo 96 za bluu: zisage peke yake, kisagio kikiwa kimesafishwa, gunia liandikwe BLUU kwa maandishi makubwa. Zirudi kwenye bluu tu, 10 hadi 15%, na punje za rangi uzipunguze kwa kiasi hicho hicho maana chenga zina rangi yake tayari. Zisiguse nyeusi, njano wala nyeupe. Kama una moldi ya kitu kinene kisichohitaji kukaa sawa na kingine, kama kitako cha fagio, zimalizie huko.

Gunia la chenga la vyeusi mlilonalo sasa nalo lina bluu ndani. Liandike hivyo hivyo leo, kabla zamu ya usiku haijaingia.